Siku ya Tatu Mpe Jembe: Msafiri wa Shanta na Desturi za Kusini mwa India

Fasihi ya safari haipewi heshima katika vyumba vyetu vya mihadhara. Tunasoma riwaya, tunasoma tamthiliya, ushairi tunauchambua hadi mizani ya mwisho. Lakini mwanafunzi akisema anataka kuhakiki kitabu cha mtu aliyefunga shanta mgongoni akaenda kuzunguka nchi za watu, wenzake wanamcheka. Hiyo nayo fasihi? Mimi nasema ni fasihi, tena ina hatari kuliko riwaya, kwa sababu riwaya inakiri tangu mwanzo kwamba imebuniwa. Msafiri yeye anaapa kwamba ameona kwa macho yake. Katika makala haya nataka kumuuliza shahidi huyo swali moja tu: ulikaa siku ngapi?

Swali lenyewe nimelitoa katika methali ambayo kila mmoja wetu anaijua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua kama njia ya adabu ya kumwondoa mgeni. Mimi naisoma tofauti. Siku mbili za kwanza mgeni anapikiwa, anatembezwa, na akikosea wanacheka naye. Siku ya tatu akishika jembe ndipo desturi za nyumba ile zinapoacha kuwa maonyesho kwake. Anajua nani anaamka wa kwanza, nani anakula wa mwisho, nani haruhusiwi kukalia kiti kipi. Sasa, vitabu vingi vya wasafiri wa shanta vimeandikwa na watu ambao daima wako katika siku ya pili. Kesho yake wana basi.

Nimeichukua India ya Kusini, yaani Kerala, Tamil Nadu, Karnataka na jirani zake, kwa sababu mbili. Kwanza, wageni wameiandika kwa karne nyingi na wenyeji wake nao wameandika juu ya wageni hao, kwa hiyo tunaweza kusikia pande zote. Pili, nilipita huko mwenyewe kwa wiki tatu, na shanta mgongoni, baada ya kumtembelea binamu yangu anayesoma Mysuru. Nilikwenda Madurai, Kochi, na Gokarna. Wiki tatu si kitu, najua. Nami nilikuwa wa siku ya pili kila mahali. Lakini zilinitosha kuona kitu fulani katika vitabu nilivyokuwa nimebeba.

Tuanze na vitabu vya mwongozo, maana ndivyo vinavyosomwa na wengi kuliko vyote. Kitabu cha kwanza cha Lonely Planet juu ya India kilitoka mwaka 1981, na jina lake lilimwahidi msomaji vifaa vya safari vya kumwezesha kunusurika. Kunusurika! Utadhani India ni gharika. Tangu hapo aina hii ya maandishi imekuwa na sura yake maalumu ya desturi za wenyeji. Kula kwa mkono wa kulia. Vua viatu mlangoni. Usimnyooshee mtu nyayo zako. Hekaluni funika mabega na magoti. Mkishirikiana chombo cha maji usikiguse kwa midomo, mimina kutoka juu. Mtu akitikisa kichwa upande huu na upande huu usidhani amekataa.

Ushauri wenyewe si uongo. Niliufuata na ulinisaidia. Lakini nilipokuwa nausoma ndani ya behewa la kulala, nikielekea Madurai, nilijikuta nacheka peke yangu. Mkono wa kulia? Bibi yangu alinifundisha hilo kwa kofi nikiwa na miaka minne. Viatu mlangoni? Nyumba gani ya Tanga utaingia na viatu hadi kwenye mkeka? Hata mundu ya wanaume wa Kerala, ambayo mwongozo uliieleza kwa aya nzima, kwangu ilikuwa msuli tu. Kitu kipya nilichojifunza ni kwamba mwanaume aliyeikunja hadi magotini huishusha anapokutana na mtu wa kuheshimiwa, na hilo mwongozo haukulitaja. Nililiona mwenyewe kituo cha basi.

Hapa kuna hoja ya kihakiki, si utani tu. Kila orodha ya desturi ngeni imemficha ndani yake msomaji aliyekusudiwa. Isome orodha kinyumenyume utamwona waziwazi: ni mtu anayekula kwa uma, anayeingia sebuleni na viatu, na ambaye hajawahi kulala nyumba moja na mashangazi watatu. Mwandishi anaposema "wao hula kwa mkono" hatoi habari za Wahindi peke yao, anatoa habari za yule anayezungumza naye. Sisi hatumo katika mazungumzo hayo. Tukisoma, tunasoma kama watu waliosimama dirishani.

Na kuna kasoro kubwa zaidi ya hiyo. Orodha hudai kwamba wako wenyeji, na wenyeji hao wana desturi, na mgeni mwema huzifuata. Nani mwenyeji? Chukua hilo la kufunika mwili. Katika ufalme wa zamani wa Travancore, ambao ardhi yake leo iko Kerala na sehemu ya kusini ya Tamil Nadu, wanawake wa jamii ya Nadar walikatazwa kufunika vifua vyao mbele ya watu wa kasta za juu. Kifua wazi ndicho kilichohesabiwa kuwa heshima kwa mkubwa. Wanawake hao walipigana kwa miongo kadhaa. Walishambuliwa sokoni, nguo zikachanwa mwilini mwao. Mwaka 1859 ndipo mfalme, akisukumwa na utawala wa Waingereza wa Madras, alipotoa tangazo la kuwaruhusu kujifunika, tena kwa sharti kwamba wasivae kama wanawake wa kasta za juu. Leo msichana anashuka kwenye basi na kitabu mkononi, anajifunga mtandio kuheshimu desturi ya wenyeji. Mimi nilijifunga kanga yangu begani, nikasifiwa. Hakuna ukurasa uliotuambia kwamba kulikuwa na watu waliomwaga damu mahali hapohapo ili waruhusiwe kufanya hilo tulilolifanya kwa adabu.

Au chukua hekalu. Kibao cha mlangoni kinasema asiye Mhindu asiingie, na mwongozo unamwambia msafiri aheshimu. Sawa, aheshimu, sina ugomvi na mlango wa mtu. Lakini Vaikom, kuanzia tarehe 30 Machi 1924 hadi mwaka uliofuata, watu waliketi barabarani mvua kwa jua kwa sababu Wahindu wa kasta za chini walikuwa wamekatazwa si hekalu tu, bali hata kupita katika barabara zinazolizunguka. Tangazo la kuwafungulia mahekalu ya Travancore lilikuja tarehe 12 Novemba 1936. Wala habari haikuishia huko. Mwezi Septemba 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilifuta katazo la wanawake wa umri wa kati ya miaka 10 na 50 kupanda hekalu la Sabarimala. Tarehe 1 Januari 2019 wanawake wa Kerala walisimama bega kwa bega wakafanya ukuta wa kilomita zipatazo 620. Kesho yake alfajiri wanawake wawili wakaingia, na miji ikawaka kwa maandamano ya kupinga. Novemba ya mwaka huohuo maswali yakapelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi. Sasa mwambie msafiri "fuata desturi za wenyeji." Afuate ya nani, ya ukuta au ya maandamano?

Methali nyingine inatuambia ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Kwa mgeni wa usiku mmoja ni busara. Kwa mwandishi ni balaa, kwa maana kazi aliyoiendea ni ya macho.

Aliyelijua jambo hili vizuri kuliko wote ni R. K. Narayan, naye hakuhitaji shanta. Riwaya yake The Guide, iliyotoka mwaka 1958, inamhusu Raju, kijana mwenye duka katika kituo cha reli cha Malgudi, mji wa kubuni wa Kusini mwa India. Abiria wanashuka wanauliza: kuna nini cha kuona hapa? Raju hajui, lakini hasemi hajui. Anaanza kubuni majibu. Umri wa magofu anaupanga kulingana na hali ya moyo wake siku hiyo: mgeni akimchosha gofu linakuwa changa, akimfurahisha linazeeka. Hivyo ndivyo anavyogeuka kiongozi wa watalii. Angalia kinaya kilichomo: mgeni anadhani anasoma nchi, kumbe ni Raju anayemsoma mgeni. Anapima mfuko wake, viatu vyake, haraka yake, kisha anampa India inayomtosha. Narayan hamlaani Raju wala hamlaani mtalii. Anawaweka tu mezani pamoja na kutuonyesha kwamba biashara yao imejengwa juu ya makubaliano ya kutojuana.

Wahakiki wengi huona riwaya hii imekatika vipande viwili: Raju wa watalii na wa mapenzi na mcheza ngoma Rosie, halafu Raju aliyetoka jela na kuchukuliwa kuwa mtu mtakatifu. Mimi siuoni mkatiko. Kwa usomaji wangu nusu ya pili ndiyo siku ya tatu. Raju anaketi katika hekalu lililoachwa, karibu na kijiji asichokijua. Ni mgeni. Velan, mwanakijiji, anamdhania mtawa, na wanakijiji wanamletea chakula. Raju anakula. Anajifunza desturi ya mahali pale haraka, jinsi ya kukaa, jinsi ya kunyamaza, jinsi ya kusema neno lisilo na maana wao wakalipa maana, sawa kabisa na msafiri hodari wa shanta anayejisifu kwamba amezoea. Halafu ukame unakuja, na desturi ile inamdai. Mtu mtakatifu hufunga chakula na kusimama mtoni hadi mvua inyeshe. Jembe limeletwa. Huwezi kula cha wenyeji miezi yote hiyo, ukafurahia kila kitu kinachopendeza katika imani yao, halafu imani ikigeuka mzigo useme samahani mimi ni mpita njia. Raju anajaribu hata kumsimulia Velan maisha yake yote ili amwachie. Velan anasikiliza, imani haitikisiki.

Na Narayan, kwa ufundi ule wake wa kimyakimya, anamleta mtalii tena mwishoni: Mmarekani mwenye kamera anakuja kumpiga picha mtakatifu na kumuuliza maswali. Yeye atarudi kwao na filamu. Raju atabaki ndani ya maji. Kwa nafasi yangu ndogo nasema huo ndio uhakiki mkali kuliko wote uliowahi kuandikwa juu ya utalii wa India, na uliandikwa kabla wasafiri wa shanta wa miaka ya 1960 na 1970 hawajaanza kumiminika.

Sasa tuje kwa wageni wenyewe, tusiwaonee. Mgeni wa kwanza ninayemheshimu ni Ibn Battuta, ambaye sisi wa pwani tunamdai kama wetu kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka ya 1340 alikuwa Malabar, akitumwa na sultani wa Delhi kwenda China na zawadi. Huko Calicut dhoruba ikavunja jahazi lililobeba zawadi, jingine likaondoka na vitu vyake, naye akabaki ufukweni na dinari 10 na tandiko la kulalia. Nadhani hapo ndipo alipokuwa msafiri wa shanta kwa mara ya kwanza maishani, maana hadi siku ile alisafiri kama waziri.

Masimulizi yake, aliyoyatoa kwa mdomo na kuandikwa na Ibn Juzayy huko Morocco, yana kiburi kingi. Anahukumu kila mtu. Lakini mwili wake ni shahidi mkweli kuliko ulimi wake. Anasimulia mlo wa sultani wa Honavar kwa uchu wa mtu mwenye njaa: mwanamke anayepakua wali kwa upawa wa shaba, samli inayomiminwa juu, pilipili na tangawizi na malimau na maembe ya achari, kitoweo baada ya kitoweo, na mwisho maziwa mgando. (Achari aliikuta pia Mogadishu, na mpishi yeyote wa Mombasa ataitambua sahani hiyo.) Hiyo ni siku ya pili, nayo ni tamu. Kisha anasema kitu ambacho mwongozo hausemi kamwe. Katika Malabar, Coromandel, Ceylon na Maldives alikula wali tu kwa miaka mitatu, mpaka ikawa hawezi kuumeza bila kuusukuma kwa maji. Basi! Sentensi moja. Hapo hatuambiwi kwamba chakula cha kusini ni kibaya wala kizuri. Tunaambiwa kwamba kuzoea si mlima unaopanda mara moja ukafika kileleni ukapiga picha; kuna kuzoea, halafu kuna kuchoka kwa aliyezoea, na huko ndiko wakaaji wanakoishi.

Pia anaeleza kwamba Wahindu wa Malabar hawakumruhusu Mwislamu kuingia nyumbani mwao wala kula katika vyombo vyao. Pasipo na Waislamu walimpikia na kumwekea chakula juu ya jani la mgomba. Jani lile ambalo leo msafiri hulipiga picha kwa furaha, yeye alilielewa kama mpaka. Nilikula juu ya jani hilo Madurai, wakaniongezea wali mpaka nilipolikunja, na nilifurahi kweli. Lakini baada ya kumsoma mzee yule siwezi tena kulitazama kama pambo.

Dervla Murphy wa Ireland ni mgeni wa namna nyingine. Mwaka 1963 alikuwa ameshatoka kwao hadi India kwa baiskeli; mwishoni mwa 1973 alirudi, akateremka Bombay na binti yake Rachel, mtoto wa karibu miaka mitano, wakashuka kusini kwa fedha kidogo. Kitabu chake, On a Shoestring to Coorg, kilitoka mwaka 1976 na kimeandikwa kwa umbo la shajara. Umbo hili linamfaa. Shajara haina nafasi ya kujipamba sana. Mtu akichoka Jumanne anaandika amechoka Jumanne. Mtoto naye anabadilisha kila kitu, kwa sababu mtu mwenye mtoto haonekani mtalii kamili. Anaulizwa maswali ya kifamilia, yaani anapokewa kama mama.

Faida yake nyingine ni kwamba alisimama. Alipoipenda Coorg, nchi ya milima na kahawa ambayo wenyewe huiita Kodagu, aliacha kuzunguka akapanga nyumbani kwa watu katika kijiji cha Devangeri. Hapo kitabu kinapata uzito ambao kurasa za mabasi hazina. Hata hivyo mapenzi yake yananitia shaka. Anawapenda Wakodava kama mtu aliyewapata watu ambao dunia haijawaharibu, na mtu akishaanza kutafuta wasioharibiwa, atawatazama zaidi wenye nyumba waliomkaribisha kuliko vibarua wa mashamba ya kahawa wasio na nyumba ya kumkaribishia mtu. Anafika siku ya tatu, ndiyo, ila jembe hakulishika. Alilitazama likilimwa.

Na Mwafrika akibeba shanta? Swali hili limenisumbua, kwa sababu katika vitabu vyote nilivyovitaja hakuna nafasi yake. Mkataba wa mwongozo unasema: heshimu, nawe utaheshimiwa. Kwa sehemu kubwa niliuona ukitekelezwa. Ndani ya treni familia moja iligawana nami wali wa limau na wali wa maziwa mgando bila kuniuliza dini wala kazi. Wengine waliomba kupiga picha na mimi, mara ya kumi nikawa nimechoka kutabasamu, nikaanza kuelewa wanavyojisikia Wamasai wa barabara ya Arusha. Lakini tarehe 31 Januari 2016 huko Bengaluru gari lililoendeshwa na mwanafunzi kutoka Sudan lilimgonga mwanamke na kumuua. Muda mfupi baadaye akapita hapo mwanafunzi wa kike wa Kitanzania pamoja na wenzake, wasiohusika na ajali kwa lolote. Kundi la watu liliwavamia, dada yule akashambuliwa, gari lao likachomwa moto. Angekuwa amevaa nini? Angekula kwa mkono upi? Mkataba ule haukumhusu, kwa kuwa ulitungwa kwa ajili ya mgeni ambaye hupewa nafasi ya kukosea kwanza.

Kinachouma zaidi ni kwamba ngozi yetu si ngeni kabisa huko. Wasafiri wa shanta wamejaa Gokarna, kwenye fukwe za wilaya ya Uttara Kannada huko Karnataka, wilaya ileile yenye Honavar ya Ibn Battuta. Katika misitu ya wilaya hiyo, Yellapur na Haliyal, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika ambao wengi wao waliletwa na biashara ya utumwa ya Wareno kupitia Goa. Wanasema Kikonkani na Kikannada. Mwaka 2003 serikali ya India iliwaingiza katika orodha ya makabila yanayopewa ulinzi maalumu. Hao ni wenyeji. Mtalii mwenye mwongozo mkononi akimwona Msiddi barabarani atadhani ni mgeni mwenzake, na huenda akamweleza desturi za mahali.

Nimemweka Arundhati Roy mwisho kwa sababu yeye ananikatalia hata jibu nililokuwa nimelitegemea. Riwaya yake The God of Small Things ya mwaka 1997 inatendeka Ayemenem, Kerala, na watu huisoma kama riwaya ya familia na mapenzi yaliyokatazwa. Mimi naisoma pia kama riwaya ya nyayo. Velutha, fundi seremala ambaye mapenzi yake na Ammu yanamletea kifo, ni Mparavan, mtu asiyeguswa. Mammachi anakumbuka zamani za utoto wake, Waparavan walipotakiwa kutambaa kinyumenyume na ufagio wakifuta nyayo zao wenyewe, ili wa kasta za juu wasinajisike kwa kuzikanyaga. Mwongozo wa watalii unazungumza juu ya nyayo pia: usimnyooshee mtu. Nilipozisoma sehemu hizi mbili wiki moja nilishindwa kurudi kwenye mwongozo.

Halafu ipo hoteli. Nyumba ya kale iliyokuwa na siri za familia, ile ambayo watoto waliiita Nyumba ya Historia, imegeuzwa hoteli ya kitalii, na kando ya bwawa la kuogelea wageni wanaonyeshwa kathakali iliyofupishwa. Mchezo wa usiku kucha unakatwakatwa uwe wa dakika chache, maana watalii ni watu wa siku ya pili na jua ni kali. Wachezaji wanajua walichokifanya. Wakirudi wanapitia hekaluni kuomba radhi kwa miungu yao kwa kuziuza hadithi zao, wanacheza usiku kucha, mchezo mzima, mbele ya watazamaji wachache. Mapacha Rahel na Estha wanakaa hapo hadi alfajiri.

Msomaji wa aina yangu anafurahi hapo. Anasema, naam, hii sasa ndiyo desturi yenyewe, si ile ya bwawani. Mwandishi ametupeleka jikoni. Roy hamwachii furaha hiyo. Kunapokucha wachezaji wanafuta rangi usoni na kwenda majumbani kuwapiga wake zao, hata yule laini aliyecheza nafasi ya Kunti, mama. Ameliweka hilo kwa ufupi na bila maelezo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ukumbi wa hekalu haukuwa na uchafu wa fedha za watalii, wala haukuwa na usafi tuliokuwa tunautafuta sisi. Wake hao hawapewi majina. Hawakuwepo bwawani, na katika kurasa zile hawaonekani hekaluni pia.